Amana Iliyo Mkononi: Mkristo na Kiongozi wa Kanisa katika Mitandao ya Kijamii



Nimeombwa nizungumzie matumizi ya busara ya mitandao ya kijamii. Nina jambo moja la kusema, na mengine yote yatalifuata hilo. Kila anachokipokea kiongozi wa kanisa katika utumishi wake ni amana. Neno la Mungu ni amana. Machozi ya muumini aliyekuja ofisini ni amana. Jina la kanisa na sadaka ya wajane ni amana. Amana hizi zilikuwapo kabla ya simu, na hakuna hata moja iliyogeuka kuwa mali ya mtandao kwa sababu simu imeingia mfukoni mwetu. Mkristo asiye na cheo naye yumo humu, kwa kuwa jirani yake amewekwa chini ya ulinzi wa kinywa chake.

Kanisa halijaanza leo kutangaza

Wapo wanaodhani dawa ni kanisa kukaa mbali na mitandao. Historia yetu inawakatalia. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walichapa gazeti la Habari za Mwezi kule Magila, katika mkoa wa Tanga wa leo, tangu miaka ya 1890, na waandishi wake wengi walikuwa walimu na wakleri Waafrika. Baadaye Wakatoliki wa Tanzania wakawa na gazeti la Kiongozi, na Walutheri wa Moshi wakawa na redio ya Sauti ya Injili. Leo Radio Maria inasikika hadi vijijini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari tarehe 4 Desemba 1963, na tangu 1967 Kanisa Katoliki limekuwa likiadhimisha kila mwaka Siku ya Upashanaji Habari Duniani. Tarehe 12 Desemba 2012 Papa Benedikto wa 16, mzee wa miaka 85, alituma ujumbe wake wa kwanza kwenye Twitter.

Mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya makanisa nchini Kenya na katika nchi nyingine nyingi, ibada zilivuka kuta kwa njia ya Facebook na YouTube. Hadi leo kijana aliyeko Minnesota au Muscat anaweza kufuatilia mazishi ya mama yake kijijini kwa simu, akasikia sala ya mwisho na kuona udongo ukishuka. Anayeona jambo hilo ni dogo hajawahi kufiwa akiwa mbali. Kwa hiyo sisemi tuikimbie mitandao. Nasema tuingie humo tukijua tumebeba nini.

Lakini tukubali kwamba kuna kilichobadilika. Gazeti lilikuwa na mhariri. Redio ina mtayarishaji wa vipindi na sheria za utangazaji. Kwenye simu, mwandishi, mhariri, mchapaji na msambazaji ni mtu mmoja, mara nyingi usiku, mara nyingi akiwa na hasira. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Leo dole gumba ndilo ulimi, na linapojikwaa, maneno hayapotei hewani. Ukifuta ujumbe baada ya dakika kumi, tayari kuna aliyepiga picha ya skrini.

Kuna jambo lingine ambalo waumini wengi hawajaelezwa. Kampuni zenye mitandao hii zinapata fedha nyingi kutokana na matangazo, na matangazo yanahitaji macho ya watu. Kwa hiyo programu zao hupandisha juu kile kinachowafanya watu wakae, wabishane na kusambaza. Mahubiri matulivu kuhusu msamaha yataonwa na wachache. Klipu ya mchungaji akimkebehi mchungaji mwenzake itaonwa na maelfu. Kiongozi anayepima huduma yake kwa idadi ya wafuasi ataanza taratibu, bila kujua, kuhubiri kile ambacho programu inakipenda. Siku moja atajikuta anatafuta kiki madhabahuni. Hiyo ni hatari ya kiroho, na ni kubwa kuliko hatari ya picha chafu, kwa sababu inavaa joho.

Amana ya kwanza: kweli

Amri ya kutomshuhudia jirani uongo imo katika Kutoka 20. Mithali 18 inamwita mpumbavu yule anayejibu kabla hajasikia, na inatukumbusha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki hadi mwenzake afike na kumhoji. Haya yaliandikwa enzi za baraza la wazee langoni mwa mji, na yanatosha kabisa kwa kundi la WhatsApp.

Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mitandao methali hii imekuwa kichaka cha wazushi. Mkristo hawezi kuitumia kama ushahidi. Lisemwalo linaweza kuwa limetengenezwa na mtu anayetaka fedha, kura au kisasi.

Mwaka 2011 habari zilitoka kijiji cha Samunge, Loliondo, kwamba mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapila, anatoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na kwamba kinaponya kisukari, saratani na UKIMWI. Wakati ule watu wengi walikuwa na simu za kawaida tu. Habari zilienda kwa kupigiana simu, kwa ujumbe mfupi, kwa magazeti na redio, na bado foleni ya magari ilienea kilomita nyingi. Wapo wagonjwa waliotolewa hospitalini kwenda kunywa kikombe. Wapo walioacha dawa zao. Wapo waliofia njiani. Simtaji marehemu mzee huyo ili kumhukumu. Nauliza juu yetu sisi tuliosambaza: ni wangapi tuliuliza kama fulani aliyepona amepimwa?

Juu ya swali hilo Bwana wetu ametuachia mfano. Katika Luka 17, wenye ukoma kumi walipomlilia, aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa sheria ya Walawi 13 na 14, kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchunguza ngozi na kutamka kwamba mtu amepona. Yesu mwenyewe hakuogopa uponyaji wake kukaguliwa. Basi ushuhuda wa uponyaji usipandishwe mtandaoni kabla ya vipimo, na mhubiri asimwambie mgonjwa aache dawa za kufubaza virusi au za shinikizo la damu. Muujiza wa kweli hauharibiwi na cheti cha daktari.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao walikufa kwa njaa, wakidaiwa kufundishwa kwamba kufunga hadi kufa kutawapeleka kwa Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa mahakamani na akakana mashtaka. Kinachotuhusu hapa ni kwamba mahubiri yake yalikuwa yamesambaa kwa televisheni na YouTube miaka mingi kabla ya msitu. Waumini waliacha kazi na kuuza mali, wakaja Kilifi kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Mafundisho potofu hayahitaji tena kukodi ukumbi mjini kwenu. Yanaingia chumbani kwa muumini wako saa tano za usiku, na wewe mchungaji wake hujui anasikiliza nini. Kwa hiyo waulizeni waumini wenu, kwa upole na bila kuwatisha: mnamsikiliza nani mtandaoni? Swali hili sasa ni sehemu ya uchungaji.

Chuki nayo husambaa kwa simu. Kiambaa, karibu na Eldoret nchini Kenya, tarehe 1 Januari 2008, kanisa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Vyanzo vya machafuko yale ya baada ya uchaguzi vilikuwa vingi: siasa, ardhi, ukabila. Lakini katika majuma yale ujumbe mfupi wa chuki ulipita kutoka simu hadi simu, na miongoni mwa waliokuwa wakituma na kupokea walikuwamo watu waliobatizwa. Kila uchaguzi unapokaribia, Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, mkumbuke Kiambaa kabla ya kugusa kitufe cha kusambaza.

Hata kampuni ya WhatsApp iliona hatari hii. Mwaka 2019 iliweka kikomo: ujumbe mmoja usitumwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja. Mwaka 2020 ikabana zaidi, ili ujumbe ambao umeshapita mikono mingi, ule wenye alama ya mishale miwili, uende sehemu moja tu kwa wakati. Ukiona alama ile, ujue aliyeuandika hajulikani na aliyekutumia hakuuandika. Kama hata yeye hajui ulikotoka, neno la Kikristo la kujibu ni fupi: ndugu yangu, umehakikisha?

Amana ya pili: watu

Hapa ndipo viongozi tunapoumiza watu bila kukusudia.

Chukueni msiba. Kwetu habari ya kifo ina njia yake. Mzee au mchungaji hutumwa, mfiwa huketishwa, ndugu wa karibu husogezwa, ndipo neno husemwa. Utaratibu huo uliwekwa na watu waliojua moyo unavyovunjika. Sasa mara nyingi mtoto anaona picha ya baba yake yenye mishumaa kwenye kundi la kwaya kabla mama hajapata nguvu za kumpigia. Aliyeituma alitaka kuwahi kutoa pole. Tuweke kanuni isiyo na mjadala: hakuna kiongozi wa kanisa atakayetangaza kifo mtandaoni kabla familia haijasema kwamba wote wanaostahili kuambiwa kwanza wameambiwa. Vivyo hivyo picha za ajali na za mgonjwa aliye kitandani zisisambazwe. Mgonjwa aliyelala na mipira puani hakukupa ruhusa kwa sababu tu ulikwenda kumwombea.

Maombi pia yamekuwa mlango wa udaku. Mtu anaandika kundini: tumwombee dada fulani, ndoa yake imeingia shetani. Watu mia mbili wameusoma ujumbe huo, na kumi wameomba. Aliyemweleza mchungaji habari za ndoa yake hakuieleza parokia. Mwombeeni bila kueleza undani. Mungu anamjua hata tusipoandika anaumwa nini.

Watoto wana ulinzi wa pekee. Picha ya darasa la kipaimara au la Shule ya Jumapili, ikiwa na majina kamili na shule wanazosoma, ni taarifa tosha kwa mtu mbaya. Mzazi aombwe ridhaa kwanza, na majina yasiandikwe. Anayetoa msaada kwa yatima, asimpige picha ameshika kilo mbili za unga huku kiongozi akitabasamu pembeni. Mathayo 6 imeshalitolea hukumu jambo hilo, na mtoto yule atakua, na picha itakuwa bado ipo.

Nizungumzie wazi ushauri wa kichungaji kwa ujumbe wa simu. Mchungaji au padri anayemshauri mwanamke, au binti wa kwaya, kwa ujumbe wa usiku wa manane, ameshatoka katika ushauri hata kama hajaandika neno baya. Usiku hulainisha maneno. Mazungumzo yanayofutwa yanajenga siri ya watu wawili mahali ambapo palitakiwa uangalizi wa kanisa. Njia ni hii: ujumbe ukija usiku na si wa dharura, jibu asubuhi, na mwalike mhusika ofisini mchana, mlango ukiwa wazi au mwenzi wako au mzee wa kanisa akijua. Kama ni dharura ya uhai, piga simu na uhusishe mtu mwingine. Kanuni hii inamlinda anayeshauriwa kwanza, kisha inamlinda mshauri.

Sheria za nchi nazo zimefika hapa. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinaziona habari za afya na imani ya mtu kuwa nyeti. Daftari la waumini, orodha ya wagonjwa na fomu za ndoa zimo humo. Pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 16, inampa anayechapisha habari za uongo kwa kujua na kwa nia ya kudanganya umma faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini Mkristo asingoje polisi. Tulipaswa kuwa tumefika hapo zamani kwa sababu ya upendo.

Amana ya tatu: jina na sadaka

Matapeli wamegundua kwamba Waafrika Mashariki wengi huamini sauti ya kiongozi wa dini. Wanafungua akaunti ya Facebook yenye picha ya askofu na jina lake, wanaandika mstari wa Biblia kila asubuhi, kisha wanaomba mchango wa kituo cha yatima kwa namba ya simu. Wengine huiteka WhatsApp ya mchungaji mwenyewe. Humpigia wakijifanya watu wa kampuni ya simu au waandaaji wa semina, wakamwomba awasomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake. Akizisoma tu, akaunti imeondoka, na waumini wake wanaanza kupokea maombi ya mkopo.

Kinga si ngumu. Tarakimu hizo hazisomwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kwa jina la Bwana. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, dakika mbili zinatosha. Tanzania, pigeni *106# mhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, na namba za matapeli zitumeni kwenda 15040. Sadaka iende kwenye namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, isiende kwenye simu ya mchungaji wala ya mhasibu, na namba hiyo itangazwe kanisani na kubandikwa ubaoni. Muumini akipokea namba nyingine, ajue mara moja kwamba ni ya uongo. Na mapato ya mtandaoni yasomwe pamoja na ya kikapuni, kwa wazi, kila Jumapili.

Jina huharibiwa pia na ugomvi wetu. Mathayo 18 imepanga ngazi: kwanza mwendee ndugu yako mkiwa wawili, kisha na shahidi mmoja au wawili, mwisho kanisa. Mitandao imetufundisha kuanza na ulimwengu mzima. Mzee akikorofishana na mchungaji juu ya hesabu za ujenzi, kufikia jioni kuna sauti ya dakika nane inazunguka mji. Nawaomba tusitumie ngazi hiyo kuficha uovu. Aliyedhulumiwa, hasa mtoto au mwanamke aliyenyanyaswa, ana haki ya kwenda polisi na mahakamani, na asizuiwe kwa kisingizio cha kulinda kanisa. Lakini migogoro yetu ya vyeo, zamu na hesabu ina vikao vyake. Itumieni meza kabla ya simu.

Tuanzie wapi?

Napendekeza halmashauri ya kila parokia, usharika au kanisa la mahali ipitishe mambo machache kabla mwaka haujaisha, na iyaandike kwenye kumbukumbu za kikao.

Kwanza, akaunti za kanisa ziwe mali ya kanisa. Nywila zijulikane na watu wawili walioteuliwa, na kiongozi akihamishwa azikabidhi kama anavyokabidhi funguo na mihuri.

Pili, kila kundi la WhatsApp la kanisa liwe na wasimamizi wawili na kanuni zinazosomwa kwa mgeni: lengo la kundi, saa za kutuma, na mambo yasiyoruhusiwa, zikiwemo siasa za vyama, habari zisizo na chanzo na picha za wagonjwa.

Tatu, chapisho lolote lenye jina au sura ya mtu lipate ridhaa yake. Kwa mtoto, ridhaa ya mzazi.

Nne, vijana wanaojua kazi hii wapewe nafasi na wapewe mafunzo. Wengi wanarusha ibada kwa bando lao wenyewe na hatujawahi kuwashukuru. Wapewe bajeti, wapewe mzee wa kuwalea, na waaminiwe.

Tano, viongozi tuwe na saa za kuzima simu. Familia ya mchungaji ni ya kwanza katika kundi lake. Anayehubiri juu ya sala huku akijibu ujumbe mezani amewafundisha watoto wake mahubiri mengine.

Sita, tuseme pale tulipokosea. Kanisa likisambaza habari ya uongo, lisahihishe mahali palepale ilipotumwa na kwa uwazi uleule. Kufuta kimya hakutoshi.

Waheshimiwa, ndugu na dada zangu, baba na mama wanaokuja ofisini kwenu hawajui programu, nywila wala sheria ya mwaka gani. Wanachojua ni kwamba wamekuja kwa mtumishi wa Mungu. Wamewaachia magonjwa yao, ndoa zao, watoto wao na shilingi zao. Nawasihi, kila mnapotaka kutuma neno, picha au sauti, jiulizeni kama mngeweza kusema hivyo madhabahuni, mhusika akiwa ameketi kiti cha mbele na mama yake pembeni. Mkiweza, tumeni. Msipoweza, futeni. Na mkirudi nyumbani leo, kabla ya kufanya lolote lingine, fungueni makundi mnayoyaongoza na muondoe kile ambacho hamkuruhusiwa kukiweka.